Matola Hakubahatisha Samora

Kijiweni kwetu Tosamaganga, pale bodaboda wanaposubiri abiria wanaotoka hospitali, jina la Selemani Matola halipiti bila ubishi. Asubuhi za mwezi wa sita baridi huku inakata masikio, watu wamejifunika makoti, chai ya tangawizi mkononi, na bado kuna mtu atasimama kabisa, aweke kikombe chini, ili aseme kwamba Matola si kocha. Nimeyasikia madai hayo miaka kadhaa sasa. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengi hayana, na yanamdhulumu mtu ambaye mkoa wetu wa Iringa unamdai shukrani. Nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa sababu kijiweni anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Dai linalosemwa zaidi ni kwamba Lipuli yake ya 2019, timu ya hapa Iringa, ilibahatisha. Hili nitakaa nalo sana, maana linatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Lipuli, Wanapaluhengo, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikiwa imepanda pamoja na Singida United na Njombe Mji. Mechi ya kwanza kabisa ikaenda Dar es Salaam kucheza na Yanga, bingwa mtetezi, ikatoka sare ya 1–1. Simba waliokuja kuchukua ubingwa msimu ule nao hawakuifunga Lipuli: sare kule, sare hapa Iringa kwenye uwanja wa Samora. Kwenye benchi la Lipuli walikaa wachezaji wawili wa zamani wa Simba, Amri Said na Matola. Matokeo yakaonekana, na vigogo wakafanya kile wanachofanya siku zote. Beki Asante Kwasi, Mghana aliyewafunga Simba akiwa na jezi ya Lipuli, alichukuliwa na Simba hao hao dirisha dogo la Desemba 2017. Msimu ulipokwisha, mshambuliaji Adam Salamba naye akaenda Msimbazi, kwa Simba hao hao. Amri Said akaenda Mbao ya Mwanza. Aliyebaki Iringa na mabaki ya kikosi ni Matola.

Sasa tazameni msimu aliokabidhiwa. Ligi ya 2018/19 ilikuwa na timu 20, kwa hiyo mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu kwa sababu mkataba wa Vodacom ulikuwa umekwisha na mwingine ulikuwa haujapatikana. Kwa Azam yenye uwanja wake Chamazi, hilo lilikuwa usumbufu. Kwa timu ya mkoani lilikuwa suala la kula na kusafiri. Ratiba ile ilimtaka mtu atoke Iringa akacheze Bukoba na Kagera Sugar, Musoma na Biashara United, Mtwara na Ndanda, Tanga na Coastal Union, Shinyanga na Stand United na Mwadui, Mwanza na Alliance na Mbao. Yeyote aliyewahi kupanda basi kutoka Ipogolo hadi Kanda ya Ziwa anajua miguu inavyovimba. Mchezaji anashuka kwenye basi hilo, analala usiku mmoja au miwili, anacheza dakika 90, anarudi ndani ya basi. Kocha asiye na kikosi kipana ana silaha chache mno: kujua nani achezeshwe na nani apumzishwe, na kuwafanya vijana wachoke bila kugombana. Hiyo ni kazi isiyoonekana kwenye televisheni.

Katika msimu huo, Machi 2019, Yanga walikuja Samora wakafungwa 1–0 kwenye ligi. Kijiwe kikasema bahati. Mei wakarudi, safari hii nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, wakiwa wameshaonywa, wakifahamu kila kitu kuhusu uwanja, hali ya hewa na mpinzani. Wakafungwa 2–0. Daruweshi Saliboko na Paul Nonga ndio waliofunga, na Nonga alikuwa amewahi kuvaa jezi ya Yanga hao hao. Mara ya kwanza unaweza kuita bahati nikakuelewa. Mara ya pili, ndani ya miezi miwili, kwa timu ile ile, bila kuruhusu goli hata moja katika mechi zote mbili, nakuomba utafute neno lingine.

Wapo watakaosema Yanga ya mwaka ule ilikuwa na njaa. Ni kweli, na sitaki kulificha jambo hilo. Klabu ilikuwa katika dhiki ya fedha, na kocha wake Mwinyi Zahera alifikia hatua ya kuhimiza mashabiki wachange. Lakini Yanga hiyo hiyo yenye njaa ilimaliza ligi ya timu 20 ikiwa ya pili. Timu 18 zilikaa chini yake. Kama njaa yao ingekuwa ndiyo sababu, basi wangefungwa kila mahali. Na kama tunapima kwa njaa, tuipime na ya Lipuli.

Fainali ilichezwa Lindi, uwanja wa Ilulu, zaidi ya kilomita 900 kutoka Iringa ukipitia Dar es Salaam. Azam wakashinda 1–0 kwa goli la Obrey Chirwa. Goli moja. Lipuli ingeshinda siku ile, ingekwenda Kombe la Shirikisho Afrika, na huenda leo tungekuwa tunasimulia habari ya timu kutoka Afrika Magharibi au Kaskazini iliyotua nchini na kuuliza Iringa iko wapi. Nilimwona mzee mmoja jirani yetu, mtu wa ulanzi na maneno machache, amezima redio baada ya filimbi ya mwisho na kukaa kimya mpaka giza likaingia. Hakuna mtu anayeombolezea bahati namna ile.

Tena huku Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuambiwa tumebahatisha. Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, wakaambiwa wamebahatisha. Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu 2013 na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, juu ya Simba. Kocha alikuwa Juma Mwambusi. Akaambiwa amebahatisha, kisha Yanga wakamchukua akawe msaidizi wa Hans van der Pluijm. Naomba msomaji aliangalie jambo hilo vizuri kidogo: mtu anajenga timu mkoani mpaka inawapita Simba kwenye msimamo, na zawadi yake ni kwenda kupanga koni za mazoezi chini ya mwingine. Nitarudi hapo.

Dai la pili linasemwa na watu wa Iringa wenyewe, na linauma zaidi: kwamba Matola aliikimbia Lipuli, na ndiyo maana ikashuka daraja. Kwamba aliondoka ni kweli. Baada ya fainali ile alikwenda Polisi Tanzania ya Moshi iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda. Lipuli ilishuka mwisho wa msimu wa 2019/20, msimu uliokatizwa Machi na ugonjwa wa korona na kuendelea Juni. Ulikuwa pia msimu mgumu kuliko kawaida kwa timu ndogo, kwa sababu ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 hadi 18 na timu 4 zilishuka moja kwa moja. Lipuli ilikuwa mojawapo, pamoja na Singida United, Ndanda na Alliance. Singida ambao tulipanda nao 2017 wakiwa na mabango ya wadhamini kifuani walianguka vilevile.

Ila nataka wanaosema hivyo wasikilize maneno yao wenyewe. Mtu yule yule atakuambia saa nne kwamba Matola alibahatisha, hakufanya lolote, na saa tano atakuambia kuondoka kwake ndiko kulikoiangusha timu. Chagua moja, ndugu yangu. Kama hakuwa na mchango, kuondoka kwake kusingeyumbisha kitu. Kama kuondoka kwake kuliyumbisha nyumba nzima, basi ndiye aliyekuwa nguzo. Mimi naamini ukweli uko katikati: timu isiyo na mapato ya uhakika humtegemea mwalimu kupita kiasi, na mwalimu naye ana watoto wa kulisha. Lawama ya kushuka iende kwa waliokuwa na mwaka mzima wa kutumia jina la mwalimu aliyewafunga Yanga kutafuta fedha, wakaishia kupiga naye picha.

Kuna wanaosema Matola alipewa ukocha kwa sababu ya jina lake la uwanjani. Jina analo, sikatai. Alikuwa kiungo na nahodha wa Simba, mashabiki wakamwita Veron kwa kumfananisha na yule Muargentina. Alikuwemo katika kizazi cha 2003 kilichowavua Zamalek ubingwa wa Afrika: Simba walishinda 1–0 Dar es Salaam, wakafungwa 1–0 Cairo, wakapita kwa penalti 3–2, mkwaju wa mwisho akiupiga marehemu Christopher Alex. Kocha aliyewapeleka Cairo alikuwa James Siang'a, Mkenya, golikipa wa zamani wa Gor Mahia na Harambee Stars. Kwa hiyo Matola alifundishwa na mchezaji aliyegeuka kocha, na aliona kwa macho yake kwamba inawezekana.

Lakini jina la uwanjani halifundishi. Sisi wa Tosamaganga tunapaswa kulijua hilo mapema kuliko wengine, maana tumekua kwenye kivuli cha misheni na shule kwa zaidi ya miaka mia. Tunajua kwamba aliyekuwa wa kwanza darasani si lazima awe mwalimu mzuri. Mara nyingi yule aliyeelewa upesi hawezi kumweleza aliyechelewa. Kiswahili chetu cha mpira kimelitambua jambo hili: mchezaji wa Kitanzania hamwiti kocha wake "kocha" anapozungumza naye, anamwita "mwalimu". Na Matola alianza ualimu mahali ambapo jina halisaidii, kwa watoto. Mwaka 2012 Simba walipeleka kikosi cha vijana kwenye kombe la BancABC Super 8, mashindano ambayo timu nyingine zilileta wakubwa. Vijana wale, kina Ramadhani Singano na Said Ndemla, wakalibeba kombe baada ya kuwafunga Mtibwa Sugar kwenye fainali. Aliyekuwa anawafundisha ni Matola. Baadaye ndipo ikaja Lipuli, halafu Moshi. Mtu anayeishi kwa jina angebaki Dar es Salaam akichambua mechi redioni. Hakuna jina linalokutoa mjini kukupeleka Samora na jaketi mwezi Julai.

Sasa nifike kwenye dai zito. Wanasema: sawa, lakini angekuwa kocha kweli Simba wangempa timu. Yeye ni msaidizi wa kudumu, kaimu wa kudumu, mlinzi wa kiti cha mwenzake.

Mwishoni mwa Novemba 2019 Simba walimwondoa kocha Patrick Aussems, na Desemba wakamleta Mbelgiji Sven Vandenbroeck na kumtoa Matola Polisi Tanzania awe msaidizi wake. Miezi sita baadaye, Juni 2020, ubingwa ulithibitishwa hapa hapa nyanda za juu, uwanja wa Sokoine Mbeya, kwa sare na Tanzania Prisons. Januari 2021 Vandenbroeck akaondoka ghafla. Nani ashike timu Zanzibar kwenye Kombe la Mapinduzi? Matola. Akaifikisha fainali, akashindwa na Yanga kwa penalti, na kabla mwezi haujaisha kocha mpya, Didier Gomes, akawa ameshatua. Mwishoni mwa Mei 2022 kocha Pablo Franco akaondoka. Nani amalizie ligi? Matola. Novemba 2023 Yanga wakaifunga Simba 5–1, kocha Robertinho akafukuzwa. Nani ashike timu wakati viongozi wanatafuta mwingine? Matola, pamoja na Daniel Cadena. Aprili 2024 kocha Benchikha akaondoka. Nani? Juma Mgunda na Matola.

Mkisoma mfululizo huo mnaona mtu asiyeaminiwa. Mimi naona mtu anayeaminiwa katika saa mbaya tu. Nyumba inapoungua anaitwa azime moto. Ikishapakwa rangi anaambiwa asimame mlangoni. Timu aliyokabidhiwa kila mara ilikuwa imetoka kujeruhiwa, si yeye aliyeisajili, si yeye aliyeiandaa kambini, na kila mchezaji anajua kwamba mtu huyu hatakuwepo kwenye kiti hicho baada ya wiki chache. Halafu tunachukua matokeo ya wiki hizo chache na kusema tumeshampima. Kwamba hajachukua ubingwa wa ligi akiwa kocha mkuu ni kweli, na anayelisema anasema haki. Ila aseme na hili: hajawahi kupewa msimu mmoja, kuanzia usajili hadi mechi ya mwisho, katika timu yenye uwezo wa kuchukua ubingwa.

Walipopewa nafasi wenzake wa aina yake, tuliona. Septemba 2022 Simba walimkabidhi timu Mgunda, mchezaji wa zamani wa Coastal Union, kwa dharura. Akawafunga Nyasa Big Bullets ya Malawi nyumbani na ugenini, akaenda Angola akamfunga Primeiro de Agosto 3–1, akamaliza kazi nyumbani, Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka mpya ukaja na kocha wa kigeni, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Januari 2024 CAF ilimfungia kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, katikati ya AFCON kule Côte d'Ivoire. Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, akashika timu, akatoka sare na Zambia na DR Congo, na Novemba mwaka huo huo akaifunga Guinea 1–0 kwenye uwanja wa Mkapa tukafuzu AFCON iliyofuata. Na kabla ya wote hao kulikuwa na Abdallah Kibadeni, aliyewafunga Yanga mabao matatu peke yake katika ile 6–0 ya Julai 1977, kisha akiwa kocha akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 dhidi ya Stella ya Abidjan. Fainali hiyo Simba iliipoteza nyumbani, na waliokuwepo bado wana majonzi. Lakini ilikuwa fainali ya Afrika, na mwalimu alikuwa mtoto wa Msimbazi mwenyewe.

Suala la vyeti nitalipitia haraka, maana wanaolileta hawalisemi lote. Ndiyo, CAF inataka leseni ya daraja la juu kwa kocha mkuu wa mashindano yake, na makocha wetu wengi walichelewa kwa sababu kozi hizo zilikuwa adimu. Hilo ni pengo la kweli, na wanaolibeba ni vyama vyetu vya mpira kuliko mtu mmoja mmoja. Lakini kumbukeni mwaka 2021: aliyezuiwa na CAF kukaa benchi kama kocha mkuu wa Simba kwa ajili ya leseni alikuwa Gomes, Mfaransa, ikabidi Thierry Hitimana wa Rwanda aandikwe badala yake. Oktoba ile Simba ikafungwa 3–1 kwa Mkapa na Jwaneng Galaxy ya Botswana. Cheti hakikuulizwa siku anaajiriwa. Mzawa huulizwa kabla hajavuta kiti.

Na lile la kwamba mzawa hawezi kuwakemea mastaa kwa sababu anakutana nao mtaani silijibu kwa maneno mengi. Paul Nonga aliyewahi kuchezea Yanga alikuja Iringa, akasafiri kwenye basi lile lile, akakimbia dhidi ya timu yake ya zamani kwa sababu Mwalimu alimwambia akimbie.

Juzi kijiweni kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa darasa la saba mwaka ule wa 2019. Alitembea kutoka Tosamaganga mpaka barabara kubwa kutafuta lifti ya kwenda Samora, akaikosa, akasikiliza mechi kwenye simu ya kondakta. Akaniuliza: "Mzee, kwani Matola akija tena Lipuli, hata huko chini iliko, atakubali?" Nikamwambia sijui kama atakubali, na kwamba kwanza aulize viongozi kama basi lina mafuta. Akawasha pikipiki, abiria wake alikuwa ameshatoka hospitali na bahasha ya dawa mkononi. Kabla hajaondoka akageuka akasema, "Mimi nitachanga elfu mbili." Wenzake watatu wakainua mikono.